Mbuzi Tuliyemzika Kaloleni

Kabla sijaanza niseme ukweli mmoja, mtu asije akanishika shati baadaye: Kiingereza sikijui. Sikukijua wakati ule na sikijui sasa. Shule niliiacha darasa la pili, mwaka ambao baba alisema ng'ombe hawawezi kujichunga, na mimi sikubishana naye, kwa sababu mwalimu wetu alikuwa na kiboko na ng'ombe hawakuwa nacho. Kuandika nimejifunza ukubwani, kanisani, kwa kunakili nyimbo za kwaya. Ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka. Mkono wangu bado unafuata sauti.

Sasa basi, jinsi mtu kama huyo alivyokuja kuitwa Mwalimu na watoto wote wa upande wetu wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, na ualimu wenyewe ukiwa ni wa kutafsiri Kiingereza, hiyo ndiyo habari yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, viwanda vilipoanza kupunguza watu. Mimi nilikuwa kiwanda cha blanketi kule Industrial Area. Sisemi nilitengeneza blanketi. Mashine ilitengeneza, mimi nilikata nyuzi zilizoning'inia. Miaka kumi na minne nakata nyuzi. Siku moja wakatukusanya uwanjani wakasoma majina, na langu likasomwa vizuri kabisa, bila kukosewa hata herufi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mkubwa yeyote pale kulisoma vizuri. Saa nne asubuhi nikawa nyumbani. Mwanamume akirudi nyumbani saa nne asubuhi anakuwa kama kiti kilichoachwa mlangoni. Kila apitaye anakizunguka, hakuna anayekikalia. Wanawake wanafua, wanakuambia habari yako, halafu wanafua kwa nguvu zaidi. Miezi mingi nilikuwa kiti.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa muuza nguo wa jumla Eastleigh, Mwislamu mpole ila mdomo wake ulikuwa na pilipili. Alikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, na deki, yaani ile mashine ya kuchezesha kanda za video. Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri alifungua mlango, watoto wa jirani wakaingia wakakaa chini kama maharagwe kwenye ungo. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilikaa nao.

Siku moja akaweka kanda ya katuni, zile za nyimbo. Wanyama wanaongea kidogo, wanaimba. Wanaongea tena kidogo, wanaimba. Kulikuwa na punda mdogo mwenye kofia, kuku rafiki yake, na mbuzi mzee wa ndevu ndefu ambaye ndiye aliyewapa mashauri. Watoto wakawa wanaulizana, "Amesema nini? Amesema nini?" Kelele ikazidi. Nikasema, ili wanyamaze tu, "Amesema kofia ni ya marehemu babu yake, hataivua."

Wakanyamaza. Jirani akanigeukia. "Kumbe wewe unajua Kiingereza?"

"Nimefanya kazi na mzungu," nikasema. Na ni kweli. Alipita kiwandani mara moja akitazama mashine.

Basi, ndivyo nilivyoingia. Nilitafsiri kanda nzima, kuanzia kofia mpaka mwisho. Nikawapa hata rangi, maana kwenye ile televisheni kila kitu kilikuwa kijivu. Nikasema kuku ni mweupe pepe, punda ni kahawia, mbuzi ni mweusi. Nyimbo nikazitia maneno yangu, na wiki iliyofuata watoto walikuwa wakiziimba bombani, na mama zao pia. Nikipita naitwa, "Mwalimu! Niaje Mwalimu!" Hata muuza sukuma wiki. Yule kiti wa mlangoni hakuonekana tena.

Kosa langu lilikuwa moja tu, lakini lilikuwa na pembe na ndevu. Karibu na mwisho mbuzi mzee alilala chini, wenzake wakamzunguka, wakamfunika blanketi, wakaimba wimbo wa polepole. Sasa wewe niambie. Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya. Kwetu mtu akilala katikati, watu wakamzunguka, blanketi juu, wimbo wa polepole, hapo unauliza nini tena? Unatafuta koleo. Nikasema kwa sauti ya chini, "Watoto, mzee ametuacha."

Vilio! Jirani alilazimika kusimamisha deki. Mtoto mmoja alikataa chakula siku mbili, mama yake akaja kunigombeza. Ikabidi tumzike. Tulimkata mbuzi wa karatasi ngumu ya kasha la sabuni, tukamchimbia kaburi nyuma ya ukumbi wa mtaa, na mimi nikasoma wasifu wake. Alizaliwa Kakamega, nikasema. Alifanya kazi reli. Ameacha mjane na kofia kadhaa. Mazishi yale madogo yalihudhuriwa na watu wazima zaidi ya kumi, na mmoja wao alilia kweli, ingawa baadaye alisema alikuwa akimkumbuka shemeji yake.

Mwaka ukapita, pengine na zaidi. Jirani alisafiri Dubai kufuata nguo akarudi na televisheni ya rangi, kubwa, iliyobebwa na wanaume wawili. Na kwapani alikuwa na kanda ndani ya kasha nene la plastiki linalofunguka kama Biblia.

"Mwalimu," akaniita, "mzigo wako huu. Ni ile ya punda. Sehemu ya pili. Hii hata sinema haikupita, imetoka moja kwa moja kuja majumbani kwa watu. Kaloleni tutaiona kabla ya mabwana wa mjini."

Nikaishika kanda. Watoto wakaning'inia mabegani. Na pale juu ya kasha, mbele kabisa, rangi zote zikiwaka, nani amekaa na gitaa, meno nje? Mbuzi.

Watoto wakatazamana. Halafu mmoja: "Mwalimu, si huyu ndiye alidedi?"

"Hiyo ni picha ya ukumbusho," nikasema.

Binti wa jirani, darasa la sita, mtoto anayesoma hata karatasi zilizofungia nyama, alichukua kasha akalitazama mbele na nyuma. Kisha akanitazama mimi. Mtoto anayekutazama bila kusema neno ni mbaya kuliko polisi.

Usiku huo sikula vizuri. Si mbuzi aliyenitisha. Nilijua Jumamosi ikifika watoto wataona kwa macho yao kwamba Mwalimu alikuwa akiwadanganya tangu kofia mpaka kaburi. Na nikivuliwa ule ualimu nilibakiwa na nini? Koti la kiwanda na mlango wa kusimamia.

Nikapanga kuugua. Nilikuwa nimeshachagua hata ugonjwa, mgongo, kwa kuwa mgongo haupimiki. Lakini mke wangu akaja na habari kubwa kuliko mgongo.

"Baba watoto, Mama anakuja Jumamosi."

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze habari ya mama mkwe, la sivyo hutaelewa kitu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawakai benchi moja. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe inachosha miguu, maana ukimwona barabarani unapita shambani. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemwona kitambaa cha kichwani tu, na kwa mbali. Nilijua mambo matatu juu yake. Kwanza, goti lake moja lilikuwa halikunjiki. Pili, aliweza kuoka mkate mtamu kwa sababu ujana wake wote aliufanyia kazi jikoni mwa daktari wa misheni. Tatu, hakufurahi binti yake kuolewa na mkata nyuzi. Hilo la tatu nililijua vizuri zaidi.

Wakati ule alikuwa amekuja Nairobi kutibiwa goti, akakaa kwa mwanawe wa kiume kule Mowlem. Akitaka kumtembelea binti yake, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaenda ukumbini kucheza drafti mpaka kitambaa kiondoke. Hesabu ikanijia haraka: Mama anakuja Jumamosi, mimi natoka, katuni inakosa mtafsiri, sina kosa. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mila.

"Nitaenda drafti," nikasema, nikijaribu kuonyesha huzuni.

"Hakuna drafti. Anakuja kuona katuni. Wajukuu wa Mowlem wamemwambia mume wa shangazi yao alimzika mbuzi wa televisheni. Amesema hatarudi nyumbani kabla hajasikia."

"Atanisikiaje na hatuwezi kukaa chumba kimoja?"

Jirani, aliyekuwa mlangoni akisikiliza kama ilivyokuwa desturi yake, akaingilia. "Si mna pazia? Mama akae mbele na televisheni, wewe ukae nyuma ya pazia na maneno yako. Macho hayakutani. Mila imekaa, katuni imekaa. Deki naileta mimi mwenyewe, kwangu hakuna nafasi ya goti lisilokunjika."

Mke wangu akapiga makofi. Nikaona ulimwengu wote umekula njama.

Nyumba zetu za Kaloleni mnazijua. Chumba tunakigawa kwa pazia, huku kitanda, huku viti. Jumamosi nikajikuta kitandani kwangu, mchana kweupe, viatu miguuni, katikati ya beseni na gunia la mahindi, natazama maua ya pazia. Upande wa pili nasikia watoto wanajipanga, kiti kinavutwa, halafu mwendo wa mguu mmoja unaokanyaga na mmoja unaofuata. Kiti kikalia. Mama mkwe amekaa.

Hapo ndipo akili ilinijia, imechelewa kama kawaida yake. Mara ya kwanza sikujua Kiingereza lakini niliona picha. Leo Kiingereza sijui na picha sioni. Nimebaki na maua.

Muziki ukaanza. Nikakohoa, nikasema, "Punda ameamka asubuhi, amevaa kofia..."

"Zii, Mwalimu! Punda hayuko!"

"Yuko njiani," nikasema.

Kukawa na mngurumo fulani na kengele. Sikujua ni nini, labda mvua, labda kanisa. Ndipo sauti ya mwanamke mzee, nzito, ya taratibu, ikasema, si kwangu, ikasema hewani: "Jamani, gari moshi refu hivyo. Na huyo kuku anashuka na sanduku, ametoka wapi peke yake?"

"Kuku ametoka safari!" nikadaka. "Ameshuka kwenye gari moshi na sanduku lake, anawatafuta wenzake!"

"Mwalimu, kuku ni zambarau!" mtoto akapiga kelele. "Ulisema ni mweupe!"

"Sasa mtu asafiri mwaka mzima arudi vile vile? Amepitia saluni."

Jirani alicheka mpaka nikasikia kiti chake kikilia. Watoto wakacheka. Nikapumua. Tukasonga mbele hivyo, nikibahatisha hapa, nikikohoa pale, wimbo ukija nikiupa maneno. Lakini mara ukaja wimbo wa polepole, wa sauti nyingi, ule ule wa kukuingia mbavuni. Mimi sikujifunza. Nikashusha sauti. "Watoto wangu," nikasema, "msiba umeingia tena..."

"Mwalimu! Wanacheza densi!"

Nilisikia mke wangu akivuta pumzi. Nilimsikia binti wa jirani, wa darasa la sita, akigeuka kulitazama pazia. Naapa pazia lilipata moto.

"Harusi nzuri kama hii," ile sauti nzito ikasema, tena hewani, "na bibi arusi punda amejitanda shela. Na mama yake pale pembeni anafuta machozi."

"Ndiyo msiba wenyewe!" nikasema. "Msiba wa mama. Amemlea binti, amemlisha, leo anampeleka kwa mtu asiyemjua, hajui kama ana kazi, hajui kama ana akili. Watu wanacheza, yeye analia. Kila harusi ina mtu mmoja aliyefiwa."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Kisha upande wa pili nikasikia mtu akicheka kwa pua, mara moja, kama anayefukuza nzi.

Tangu hapo sikubahatisha tena. Nilinyamaza kidogo, nikangoja. Naye, polepole, akaongea na hewa: "Aa, huyo mbweha kumbe mwizi wa kofia." Nikaeleza mbweha. "Wamejificha ndani ya pipa." Nikaeleza pipa. Tukawa kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi wake ukipanda wangu unashuka, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mtu ambaye miaka kumi na mmoja nilipita shambani nisimwone!

Kisha gitaa. Sikuhitaji kuambiwa. Watoto waliruka wote kwa pamoja mpaka sufuria za mke wangu zikatetemeka. "Mbuzi! Mbuzi! Mwalimu, mbuzi huyo! Amefufuka!"

"Mwalimu," akasema binti wa jirani, na aliongea taratibu kama hakimu, "wanamwita jina lile lile la kwanza. Nimesikia. Na amemkumbatia mke wake."

Nilitazama beseni. Nilitazama gunia. Niseme ukweli, nilikuwa nimefungua mdomo niungame. Nilikuwa nimeshafika "Watoto, mimi..."

"Kwani kwetu," mama mkwe akauliza hewa, "mwanamume akifa, ndugu yake hukaa tu? Nyumba ya marehemu inaachwa wazi?"

Ningekuwa upande wa pili ningempigia magoti.

"Mimi nawaambia," nikaendelea, sauti imepanda, "huyu ni ndugu ya marehemu! Mdogo wake, wamefanana kama maharagwe mawili. Amesikia msiba, ametoka mbali, amekuja kurithi nyumba. Amemrithi mjane. Na kwetu anayerithi nyumba anarithi na jina, binti yangu, ili jina lisipotee."

Watoto wa magharibi wote wakaitikia, "Eee!" maana hayo walikuwa wameyaona nyumbani. Mama mmoja akasema mjane mwenyewe anaonekana ameridhika. Jirani akasema, "Mwalimu, hata sisi tuna mambo karibu na hayo, ila gitaa hatuleti." Binti wake akafikiri. Nilisikia akifikiri. Halafu akasema, "Basi sawa," na mbuzi akaendelea kuimba, nami nikamtilia maneno ya mtu anayeahidi kulipa karo ya watoto wa kaka yake. Walikuja kuyaimba bombani miezi mitatu.

Kanda ikaisha. Deki ikaanza kuirudisha mwanzo na ule mlio wake wa nyuki. Watoto wakatoka wakibishana nani atakuwa kuku wa saluni. Jirani akachomoa waya zake. Mimi nikabaki kitandani, siwezi kutoka mpaka kitambaa kiondoke, nikisikia chai ikimiminwa na mama na binti wakisema mambo yao kwa lugha ya nyumbani.

Kisha ule mguu ukasimama, ukaja. Ukasimama karibu na pazia. Nikaona kivuli chake kwenye maua. Nikageuza uso ukutani kwa heshima, ingawa hakuna aliyeniona.

"Nyumba hii ina pazia zuri," akasema. "Linaongea vizuri. Ila lijue kwamba yule mbuzi wa kwanza hakufa. Wajukuu wa Mowlem wameniimbia ule wimbo kwa maneno yake yenyewe ya Kiingereza, kama walivyoyasikia. Alikuwa na homa tu. Walikuwa wanamwimbia alale."

Mguu ukapiga hatua, ukasimama tena.

"Lakini mbuzi akishazikwa vizuri namna ile, hafukuliwi. Kwaheri, Mwalimu."

Akaenda. Mke wangu alimsindikiza mpaka stendi, na aliporudi alinikuta bado nimeangalia ukuta.

"Amejuaje?" nikamuuliza. "Amejuaje maneno ya wimbo ni ya homa?"

"Ameishi na wale Wazungu wa misheni miaka kumi na tisa," akasema. "Kiingereza cha Mama hata padri alikuwa anakiogopa. Unataka kuniambia hukujua?"

"Ningejuaje? Lini nimeongea naye?"

Akakaa chini, akacheka mpaka akafuta macho kwa leso. Maana alijua tangu mwanzo kwamba mama yake Kiingereza anakijua na mimi sikijui, na alikuwa amemleta makusudi. Aliniambia Mama alitaka kujua kama huyo mkwe wake ni mwongo. Nikamuuliza ameonaje. Akasema, "Amesema ni mwongo, lakini ni wa kufaa."

Nikasema sawa. Nikajilaza, viatu na vyote, nikavuta blanketi mpaka kidevuni, moja ya zile za kiwandani, yenye nyuzi zisizokatwa vizuri. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nalirudia tu lile neno Mwalimu lilivyotamkwa upande wa pili wa pazia. Mke wangu akanitazama vile nilivyolala chali, blanketi juu, kimya.

"Nawe una homa?" akauliza. "Nikuimbie ulale, au niwaite watoto waje wachimbe?"